Kunguni wa Chumba Namba Sita

Soksi ilikuwa moja tu, ya pamba, ya kijivu, imekaukia juu ya meza ya Sajini kama ganda la ndizi. Inspekta aliigeuza kwa ncha ya kalamu. Ilinuka mwani na kitu kingine ambacho asubuhi ile hakutaka kukitafutia jina, kwa hiyo alitoa limau mfukoni, akalikwaruza kwa ukucha, akalinusa. Kwa ajili ya tabia hiyo wenzake kazini walikuwa wamempachika jina la Bibi Limau. Walilitumia akishatoka chumbani.

"Amekutwa na hii mguuni?" aliuliza.

"Mguu wa kushoto, afande. Na fulana yake ya kulalia."

"Sajini, wewe ukienda kuogelea unavaa soksi?"

Sajini ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo hicho cha kisiwani, chenye kaunta moja, benchi moja na chumba cha mahabusu chenye ukubwa wa kabati. Alikuwa mtu wa tumbo kubwa na haraka ndogo. Alijikuna shingo kabla ya kujibu.

"Mimi hata kuogelea sijui, afande. Lakini hawa wasafiri wa bei ya chee wana mambo yao. Kuna mmoja tulimtoa majini amevaa helmeti."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Binti wa watu, mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, alikuja kisiwani peke yake na begi moja la mgongoni, akapanga chumba katika nyumba ya wageni iliyo rahisi kuliko zote ufukweni. Juzi kulipopambazuka mwili wake ulikutwa umetupwa na maji kwenye miamba. Ndala zake na taulo vilikutwa mchangani mbele ya nyumba ile ile, vimepangwa vizuri. Ufukwe ule ni mzuri hata ukiutazama kwa hasira: mchanga mweupe usio na hata jiwe, maji ya kijani yanayotulia kama yamo bakulini. Lakini chini ya utulivu huo kuna mkondo unaovuta watu kwenda ndani, na kila msimu hauondoki mikono mitupu. Sifa hiyo imefika mbali. Ndiyo maana Sajini aliandika "amekufa maji" kabla nguo za marehemu hazijakauka, akaanza kutafuta muhuri.

Aliyemzuia asigonge muhuri ni dada mtu. Dada mkubwa wa marehemu alivuka na boti ya kwanza, akakataa kuuchukua mwili, akapiga simu huku na huko mpaka wakubwa wakachoka kumsikia, wakamtuma Inspekta. Walimpa siku moja. Mwili ulikuwa umeshavushwa kwenda hospitali kubwa ya ng'ambo kufanyiwa uchunguzi, na daktari angepiga simu akimaliza. Boti ya jioni ikiondoka Inspekta akiwa hana kitu mkononi, jalada linafungwa, na marehemu anazikwa kama mtu aliyezama kwa ujinga wake.

"Na huyu wa ndani?" Inspekta alielekeza kidevu kwenye nondo za mahabusu.

"Huyo tunamwita Samaki. Anazungusha watalii kwa boti. Watu walimwona akigombana na marehemu siku ile ya mwisho. Nikasema nimweke akiba."

Samaki alitolewa akiwa hana viatu, mabega mapana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Inspekta hakumkaribisha kiti.

"Ulimfanya nini?"

"Sikumfanya kitu, mama. Nilimwambia panda boti nikuzungushe, bure kabisa. Akakataa. Nikamvuta mkono kidogo, kwa utani."

"Kidogo."

"Akanisukuma nikakaa chini mbele za watu. Nikamtukana, nakiri. Basi."

"Kwa nini alikataa?"

"Alisema amemwahidi dada yake hatagusa maji ya hapa. Na kweli, hata miguu hakulowesha. Nilimcheka. Nikamwuliza, sasa ufukweni umekuja kufanya nini? Akasema kutazama."

"Ulimwona tena baada ya hapo?"

"Jioni. Amekaa kwenye ngazi za kwa Anko, pale alipopanga, ameshika tumbo. Nikamwuliza, bado umenuna? Akasema kichwa kinamgonga, na chumbani kwake kunanuka kitunguu saumu mpaka anataka kutapika."

"Kwani kwa Anko kuna jiko?"

Samaki alicheka kwa mara ya kwanza. "Kwa Anko? Hata maji ya chai huko hakuna."

Inspekta alimtazama Sajini. "Mtoe. Kwa kumvuta mtoto wa watu mkono utamfungulia shauri lake dogo. Hili kubwa si lake."

"Afande, nikimtoa nabaki na nani?"

"Unabaki na soksi."

Nje, dada mtu alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani, mgongo umenyooka kama anasubiri kuitwa kwenye usaili. Alikuwa amelia mpaka akamaliza. Inspekta alimwonyesha soksi ndani ya mfuko wa nailoni, na mwanamke yule akaitikia kwa kichwa.

"Analala nazo tangu utoto. Miguu yake haikupata joto hata siku moja. Nyumbani tulikuwa tunamtania, tunamwita bibi kizee."

"Alikuahidi nini?"

"Kwamba hataingia majini. Nilimwambia nenda, tembea, lala unapopaweza, ila maji yale usiyaguse. Akaniapia." Alishusha sauti. "Mama, hujui wanavyosema nyumbani. Wajomba, majirani, hata baba yangu. Wanasema kajitakia. Eti msichana gani mwenye akili anakwenda peke yake kwenye pwani inayoua watu? Hata msibani wamekaa shingo upande, kama wanaona haya kumlilia."

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka waache kumsema. Mdogo wangu hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Kama kuna aliyemtia majini, nataka wote wasikie, tena wasikie vizuri."

"Basi twende. Utakaa mapokezi. Usiguse kitu."

Njia ya kwenda kwa Anko ilipita kando ya mchanga. Mwishoni kulikuwa na bango kubwa la mbao, limepakwa rangi nyekundu, limechorwa fuvu la kichwa, na chini yake maandishi meupe: PWANI HII INAUA. Chini ya maandishi hayo kulikuwa na mshale unaoelekeza kwenye nyumba ya wageni, na maneno mengine mawili: VYUMBA VIPO. Kijana mmoja mwenye ndevu za kuchana alikuwa amesimama mbele ya bango akijipiga picha huku ametoa ulimi nje.

"Nani kachora hili?" Inspekta aliuliza.

"Anko mwenyewe, afande. Zamani hapa palidorora, mtu unaweza kusikia kaa wakitembea. Tangu wale wa kwanza wafe maji, pamechangamka."

Inspekta alilitoa limau tena, akalinusa. Aliwahi kuona watu wakiiba kwa maiti, aliwahi kuona ndugu wakigombea kitanda ambacho marehemu bado amekilalia. Huyu alikuwa ameifanya maiti kuwa mpiga debe wake.

Mapokezi ya Anko yalikuwa meza, feni isiyozunguka, na kamba iliyotundikwa fulana za kuuza. Kila fulana iliandikwa kifuani: NILIRUDI HAI. Dada mtu alizisoma, akageuza uso ukutani. Anko mwenyewe alitokea ndani amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, ananukia marashi, tabasamu limetangulia. Wageni wote walimwita Anko, na alilipenda jina hilo, maana mjomba hadaiwi risiti.

"Karibuni, karibuni sana! Poleni na msiba. Bahari ile haina huruma kabisa," alisema, kwa sauti ya mtu anayesifia kitambaa dukani.

"Chumba chake."

"Namba sita, mheshimiwa. Nimeshakisafisha, kuna mgeni anaingia leo."

"Nani alikuruhusu?"

"Sajini alisema amekufa maji. Maji yako nje, mheshimiwa, siyo chumbani."

Sajini aliangalia dari kana kwamba ameona kitu cha maana huko.

Nyumba ile zamani ilikuwa ghala la mtu, na Anko alikuwa ameikatakata kwa plaiwudi mpaka ikatoa vyumba vya kumtosha mtu aliyelala ubavu. Ukumbi ulikuwa na giza na unyevu. Choo kilikuwa kimoja, mlango wake haufungi, na maji yake yalikuwa yamepata njia ya kuja kusalimia wageni ukumbini. Mazulia yalikuwa yamelowa, yakabaki hivyo, yakaota kitu cheusi. Inspekta alitembea kwa vidole, limau puani, sketi ameishika kwa mkono mmoja. Kila kitu humo kilimchefua, hata kitasa.

Kijana mwenye ndevu alikuwa amewafuata mpaka ndani, akasimama mlangoni mwa chumba namba mbili na kujikuna mkono. Inspekta alimshika mkono huo bila kumwomba ruhusa, akaugeuza kwenye mwanga. Vipele vilikuwa vimejipanga mstari kutoka kiwiko hadi kiganja.

"Hii nini?"

"Mbu," Anko aliwahi kujibu.

"Mbu hawang'ati kwa mstari. Hawa ni kunguni."

Hapo ndipo Inspekta alipoona jambo la kwanza la maana. Tangu waingie, kifo kimetajwa mara nyingi na Anko hakupepesa jicho. Sasa uso wake ulibadilika rangi.

"Mheshimiwa, tafadhali! Neno hilo usilitamke kwa sauti humu ndani. Kwangu hakuna kunguni. Hakuna na hawajawahi kuwepo."

"Kweli?"

"Naapa! Waulize wageni wote."

"Mimi nimeng'atwa," alisema kijana mwenye ndevu.

"Wewe una ngozi laini," Anko alimkemea.

Inspekta aliingia chumba namba mbili, akamwambia Sajini awashe tochi, akalinyanyua godoro. Walikuwepo. Walikuwepo kwenye mishono, kwenye pembe, kwenye nyufa za mbao, wanono, wekundu, na mwanga ulipowapiga walitawanyika kwa fujo kama watu wa mnadani. Sajini alisema neno ambalo hakutakiwa kulisema mbele ya mkubwa wake. Inspekta aliachia godoro lianguke.

Aliingia namba tatu, akanyanyua. Walikuwepo. Namba nne vile vile. Namba tano ilikuwa imefungwa kwa kufuli.

"Stoo," alisema Anko.

Inspekta alilitikisa kufuli. Alipita, akaingia namba sita.

Kilikuwa chumba kisafi kuliko vyote. Shuka mpya, sakafu imepigwa deki, dirisha limeachwa wazi. Godoro lilikuwa jipya kabisa, bado limevikwa nailoni ya dukani.

"La zamani liko wapi?"

"Nililichoma, mheshimiwa. Lilikuwa limechakaa."

"Katika nyumba hii yote, hilo ndilo lililochakaa?"

Anko alitabasamu tu. Inspekta alilisukuma godoro pembeni, akaomba pini kutoka kwenye kofia ya Sajini. Alipiga magoti kwenye sakafu ile. Alikuwa mtu ambaye akiona unywele kwenye sahani halali njaa tu, huwa anahama hoteli, na sasa alikuwa ameingiza kidole na pini kwenye ufa wa kitanda ambacho hakujua kimelaliwa na nani na nani. Alichokonoa. Vilidondoka vitu vyepesi, vya kahawia, kama maganda ya mbegu. Alichokonoa ufa mwingine. Vilidondoka zaidi. Hakuna hata kimoja kilichokimbia.

"Wamekufa," Sajini alisema, amechuchumaa.

"Wote. Angalia pale pembeni."

Nyuma ya mguu wa kitanda mende walikuwa wamelala chali, miguu juu. Inspekta aliondoa kioo ukutani, na nyuma yake mjusi alianguka sakafuni, mkavu, mgumu, mkia umejikunja.

"Sasa hebu nieleze, Anko," alisema, bado amepiga magoti. "Namba mbili kunguni wanacheza ngoma. Namba tatu, ngoma. Namba nne, ngoma. Hapa wamekufa kunguni, mende, mpaka mjusi wa watu. Wamekufa kwa nini?"

Anko alifikiri. "Labda uzee."

Sajini alikohoa ili asicheke. Inspekta alisimama, akakung'uta magoti, akautazama ukuta unaokitenganisha chumba hicho na namba tano. Ulikuwa plaiwudi tupu, na haukufika juu. Kati ya ukingo wake na bati palibaki nafasi ya kupitisha mkono mzima. Alitoka ukumbini, akapitisha ukucha kwenye fremu ya mlango wa namba tano. Ulinata. Kuzunguka mlango wote, juu, chini na pembeni, rangi ilikuwa imebanduka kwa mstari mnyoofu, na kwenye kona moja palibaki kipande cha selotepu pana ya kahawia.

"Stoo hii inazibwa kwa selotepu?"

"Vumbi, mheshimiwa."

"Fungua."

"Ufunguo umepotea tangu..."

"Sajini."

Sajini alivuta pumzi, akaupa mlango bega na sehemu kubwa ya tumbo. Mlango haukubisha sana. Harufu ilitoka kabla ya mlango kufika ukutani: kitunguu saumu, na ndani yake samaki aliyeoza. Inspekta alimvuta Sajini kwa mkanda wa suruali.

"Rudi nyuma! Usivute hiyo hewa. Wewe mwenye ndevu, toka nje, waambie wageni wote watoke."

Waliacha milango na madirisha wazi mpaka upepo wa baharini ukasafisha ukumbi. Kisha Inspekta alijifunga leso puani, akasogea mlangoni bila kuingia, akamulika tochi. Kulikuwa na kitanda kisicho na godoro. Chini yake kulikuwa na visahani vimepangwa, na kila kisahani kimejaa unga wa kijivu, mwepesi kama jivu la sigara. Ile harufu aliifahamu. Miaka ya nyuma alikuwa ametoa familia nzima kwenye nyumba iliyokuwa imelala na magunia ya mahindi chumbani, na tangu siku hiyo hakula kitunguu saumu tena.

"Vidonge vya ghala," alisema. "Vinawekwa kwenye nafaka, pasipo na mtu, mlango ukazibwa. Vikipata unyevu vinatoa hewa inayoua kila chenye roho. Wewe umeviweka hapa, ukaziba mlango ili wanaopita ukumbini wasisikie harufu, na juu ukapaacha wazi. Upande wa pili mtoto wa watu amelala na soksi zake."

Tabasamu la Anko lilikuwa bado lipo, ila halikuwa na kazi tena.

Walirudi mapokezi. Dada mtu alikuwa amesikia kelele, amesimama karibu na kamba ya fulana. Inspekta alimweka Anko kwenye kiti chake mwenyewe.

"Uliweka lini?"

"Mheshimiwa, labda kuna mgeni aliviweka. Hawa wageni wanabeba kila kitu."

"Mgeni alete vidonge, alete visahani, alete selotepu, alete kufuli, kisha aondoke na ufunguo wako?"

"Haya, tuseme nilipiga dawa." Alifungua kifungo cha juu cha shati. "Tuseme. Kupiga dawa siyo kuua. Yeye hakufia chumbani kwangu, alikutwa baharini. Ndala zake na taulo lake vilikuwa mchangani. Labda alijisikia joto, akaenda kujimwagia maji, mkondo ukamchukua. Mimi mkondo nautawala?"

"Alikuwa na soksi."

"Soksi, soksi! Mtaninyonga kwa soksi?"

Simu ya Inspekta ilianza kulia. Vidole vyake vilikuwa vimejaa weusi wa kitandani na hakutaka kuupeleka uchafu ule sikioni, kwa hiyo aliiweka mezani akabonyeza spika.

"Inspekta, nimemaliza," ilisema sauti ya daktari. "Huyu amekufa maji."

Sajini alimtazama mkubwa wake kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake amekosa basi. Dada mtu alishika ukingo wa meza.

"Una uhakika, daktari?"

"Asilimia mia. Mapafu yamejaa maji ya bahari na mchanga laini, mpaka kwenye njia ndogo kabisa za hewa. Maiti haivuti pumzi, Inspekta. Huyu aliyavuta maji mwenyewe."

Anko alisimama. Alikuwa amepata rangi yake upya, na mikono yake ilifunguka kama ya mwenye harusi.

"Si nilisema? Si nilisema tangu mwanzo? Bahari! Sasa mheshimiwa, umenivunjia mlango, umenifukuzia wageni, umenitangaza kwa habari ya wadudu. Haya tunayamalizaje?"

Inspekta hakumtazama. Alikuwa ameinama juu ya simu.

"Daktari, niambie kingine. Tumboni?"

"Tupu. Ametapika mpaka nyongo. Na moyo na ini havinipendezi, vina dalili za sumu kali, nimeshatuma vipimo. Nilikuwa nakuja huko."

"Mtu wa namna hiyo angeweza kutoka kitandani, akatembea mpaka baharini?"

"Baharini?" Daktari aliguna. "Asingeweza hata kukaa bila kuegemezwa. Alikuwa amezimia, au karibu na hapo."

"Asante, daktari. Usikate simu."

Aliinua uso. Anko bado alikuwa amesimama, mikono bado imefunguka, akisubiri kuombwa radhi.

"Umesikia?" Inspekta alimwuliza.

"Nimesikia. Kafa maji."

"Kaa chini. Sikiliza tena, polepole. Hakuweza kutembea, kwa hiyo kuna mtu alimbeba. Na alipofikishwa majini alikuwa anapumua."

Ilimchukua Anko muda. Sajini ndiye aliyeelewa kwanza, akavua kofia yake. Kisha mikono ya Anko ikashuka.

"Hapana," alisema. "Hapana, hapana. Huyo alikuwa amekufa. Nilipofungua mlango alikuwa amekufa kabisa."

Hata yeye mwenyewe alisikia alichokisema.

"Kwa hiyo ulifungua mlango," alisema Inspekta.

"Mheshimiwa, naapa, amekufa! Amelegea hivi, baridi! Mlitaka nifanye nini?" Sasa maneno yalimtoka kama maji ya kile choo chake. "Mgeni akifa baharini, msimu unaofuata vyumba vinajaa. Vijana wanakuja kuona alipofia, wanapiga picha, wananunua fulana. Akifa kitandani kwa dawa ya kunguni, nani atakuja? Nani anasafiri kwenda kuona kunguni? Bahari imeshachukua wengi, mmoja zaidi ingepungukiwa nini? Nilimkunja kwenye shuka, nikamweka kwenye toroli ya mchanga, nikamwacha pale mkondo unapoanza. Sikumuua mimi. Nilimhamisha tu."

Inspekta alikuwa na neno la kumjibu, lakini mwanamke aliyekuwa nyuma yake aliwahi. Dada mtu alikuwa amesogea mpaka mbele ya meza. Alizungumza taratibu, kama anayemhoji mtoto aliyevunja kikombe.

"Ulimwekea mkono puani?"

Anko alitazama mlango.

"Ulimsikiliza moyo? Ulimwita jina?"

"Dada yangu..."

"Nakuuliza ulimpima vipi ukajua amekufa."

"Alikuwa ametapika," Anko alisema, na alisema kwa kulalamika, akitazama mmoja baada ya mwingine kutafuta wa kumwelewa. "Kitanda kizima, uso, nywele, kila mahali. Sikuweza kumsogelea usoni. Nilimfunika shuka bila kumtazama. Nilichefukwa, dada yangu. Mtu yeyote angechefukwa."

Kutoka kwenye simu mezani daktari alisikika akivuta pumzi, kisha akakata. Sajini alitoa pingu bila kuambiwa, akamfunga Anko kwa mbele. Inspekta alitaka kutema mate, akatafuta mahali pa kutemea katika nyumba ile, akaona popote pangefaa.

Dada mtu alifungua mkoba, akatoa simu yake. Alipiga, akasubiri, macho yake hayamwachii Anko.

"Baba, ni mimi. Wajomba wako hapo? Waite. Na majirani waite, wote waliopo msibani. Wakae karibu, uweke simu spika." Alisubiri tena. Kwa mbali zilisikika sauti za watu wengi wakisogeza viti. "Kuna mtu hapa ana maneno na nyinyi."

Sajini alimtazama Inspekta, maana jambo hilo halimo katika utaratibu wowote wa polisi. Inspekta alijifanya anafuta vidole vyake kwa leso.

Dada mtu alizunguka meza, akaishika simu mbele ya mdomo wa Anko.

"Waambie," alisema. "Anzia pale ulipochefukwa."